Ngumi ya Nani?

Rael, kitendawili! Nina kipimo ambacho hakiuzwi duka lolote. Usijisumbue, ni ngumi yangu.

Sasa sikia. Leo mchana hapa Kileleshwa, wageni wa kanisa wako mezani, nimeshajidunga sindano yangu ya sukari. Veronicah, mke wa Jackton wangu, akanyakua ugali kwa sahani yangu! Mbele ya watu, Rael!

Akaniachia kidonge cha ugali. Eti, "Mama, daktari alisema ugali wa ngumi moja." Kumbe amepimia ngumi yake, ile ya kucha za saluni!

Nikamwambia, "Ngumi ya nani, Vero? Hii yangu ndiyo imelima mahindi ikasomesha bwanako. Dawa iko mwilini, nikila hako kadogo sukari itashuka nianguke hapa. Ama mnataka matanga?"

Wageni wanaangalia sukuma wiki. Nikasukuma sahani. Nikauliza tena, "Ngumi ya nani?"

Jackton ndiye aliyenipeleka kliniki akamsikia daktari, na wakati huo wote alikuwa ameinamia simu. Akaiweka chini. Akakata ugali, akaulinganisha na ngumi yangu, akaniwekea.

"Ya mwenye kula, Vero."