Mwisho Nilioupata Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Gemu la mwanangu limetoka! Limetoka, liko kwenye simu za watu, na jina la mwanangu limeandikwa mbele kwa herufi kubwa. Nimeliona kwa macho yangu. Binti niliyemzaa mimi, mimi niliyeishia darasa la saba!

Leo kwenye chumba cha kushonea nimewaambia wote, hata mteja aliyefuata suruali yake tu. Mama Vifungo – tunamwita hivyo kwa sababu vifungo vyote ni kazi yake, mimi nashona mashati na sketi za shule – akasema, shoga, tumesikia, sasa shona. Wivu tu.

Ni gemu la mapenzi. Si la kukimbizana wala kupigana risasi. Unasoma. Picha inakuja, msichana na kijana wake wanaongea kwa maandishi, halafu unaulizwa: msichana ajibu nini? Unabonyeza jibu moja, hadithi inaendelea.

Ajabu ni kwamba mdomo unajisifu, lakini kifuani kimya. Kama mguu ulioulalia. Ni muda sasa niko hivi. Uchovu labda.

Jumatano, 5 Machi

Nimelimaliza! Peke yangu, na miwani ya Baba yake. Safi kabisa. Hakuna busu hata moja! Kijana ana kazi ya maana, na anampenda msichana mpaka anamfuata kazini kumchukua. Akimwuliza uko wapi, nachagua jibu la heshima. Akitaka namba ya siri ya simu yake – nampa, kwani anaficha nini? Akisema yule rafiki yako simpendi, namwacha rafiki. Mwishoni harusi, maua skrini nzima.

Sikulia. Mimi ninayelia kwenye harusi za watu nisiowajua!

Baba yake alipiga simu nikiwa bado najifunga kanga nitoke, akapiga tena nikiwa njiani. Mama Vifungo alicheka, huyo mume au mlinzi wa geti? Nikamwambia, wewe hujapendwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka sketi shuleni. Nikamkuta mwalimu mkuu ofisini, ningemwachaje? Nikamwambia habari zote. Akauliza, linafaa wasichana wa umri gani? Mwanangu kaandika kuanzia miaka kumi na sita – anajishusha tu huyu mtoto. Nikasema, mwalimu, nimelicheza mwanzo mpaka mwisho, hata wa miaka kumi na miwili atacheza. Mimi ndiye mdhamini. Basi, akasema, nitawawekea wasichana wa klabu ya kusoma kwenye tableti zao.

Klabu nzima! Mwanangu sijamwambia. Iwe zawadi.

Alhamisi, 13 Machi

Balaa. Mama Vifungo kaingia hata salamu hakuna, simu mkononi. Binti yake ana miaka kumi na mitatu, yumo kwenye klabu ile, na gemu kalirudia nyumbani. Akanisogezea simu puani. Ndilo hili gemu lako lisilo na busu?

Mabusu! Tena si ya shavuni. Na msichana anagombana na kijana barabarani, anamtolea maneno, anabeba begi lake anaondoka.

Nikasema hilo si la mwanangu. Ndilo. Msichana yuleyule, gauni lilelile la njano.

Kumbe kila jibu lina njia yake. Mimi nilipita moja tu nikadhani ndiyo barabara yote. Ningejuaje? Kitabu ukifika ukurasa wa mwisho si umekimaliza?

Mama Vifungo akauliza, kwani wewe ulikuwa unabonyeza nini? Nikasema, nilijibu kama mtoto aliyelelewa. Chumba kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka, meno tu.

Ijumaa, 14 Machi

Mwanangu kaja. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alisema, Mama, kumi na sita niliiandika kwa sababu. Ungeniuliza. Wale wa klabu bado wadogo, nitamwandikia mwalimu mkuu leo hii liondolewe.

Halafu akauliza, kwako liliishaje?

Nikamweleza. Harusi, maua.

Akanitazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa. Mama, huo ndio mwisho mbaya.

Mbaya vipi, na watu wameoana?

Akasema, kaitazame tena hiyo harusi. Usitazame maua.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeitazama. Upande wa msichana viti ni vitupu. Mama yake hayupo, rafiki hayupo. Simu yake iko mfukoni mwa koti la kijana, inachungulia kabisa. Yote yalikuwepo tangu mara ya kwanza.

Nikaanza upya kwa majibu ya jeuri. Kidole kilikuwa kizito! Kijana anataka namba ya siri: Hapana. Anataka amwache rafiki: Hapana. Nikadhani atampiga. Alinuna tu, siku nyingi, mpaka msichana akashuka ngazi na begi, na rafiki yake anamsubiri chini. Mabusu yapo, ndiyo. Ni ya kijana mwingine, mbele sana huko, na anaomba kwanza.

Baba yake akapita nyuma yangu. Unaandikiana na nani? Akaichukua simu, akapekua, akairudisha. Kawaida yake. Sikusikia uchungu wala hasira. Nilikaa pale pale nikisubiri nisikie kitu.

Jumatatu, 17 Machi

Gemu limetolewa kwenye tableti za shule. Sawa, hapo niliwakosea watoto wa watu, nimewaomba radhi mmoja mmoja. Lakini wazazi hawajatosheka. Wanataka mwanangu alifute kabisa, hata watu wazima wasilione. Wanasema linafundisha wasichana kuhama majumbani.

Mama Vifungo eti ana suluhu: afute njia zote, abakize ile yangu. Ile ya harusi. Ile ndiyo inawafaa wasichana! Na wengine wakasema ndiyo, ndiyo.

Nikampigia mwanangu kumweleza. Silifuti, Mama. Miaka miwili kalikalia gemu hilo, mpaka mgongo unamuuma kama wangu.

Jumanne, 18 Machi

Baba yake kamaliza mambo bila kuniuliza. Kawaalika wazazi wote hapa nyumbani. Mimi nitasimama, niseme binti yangu alinidanganya, kisha mwanangu atalifuta mbele yao. Wewe ndiye uliyedhamini, kasema, wewe ndiye utakayelimaliza. Si ndiyo?

Ndiyo ilikuwa imeshafika mdomoni. Inajua njia yenyewe. Lakini haikutoka. Nikasema, ngoja niepue chungu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeazima viti kwa jirani. Nimefuta runinga vumbi. Nimemwambia mwanangu aje na ule waya wa kuunganisha simu na runinga. Akauliza, wa nini, Mama? Nikasema, si wameipenda njia yangu? Tutaitazama wote, jibu kwa jibu. Nitabonyeza mimi. Kila nikibonyeza nitawauliza: hili nalo, mngetaka binti yenu alijibu?

Akasema, na Baba atakuwepo.

Atakuwepo. Kiti chake ni cha mbele.

Sina hofu. Wala ujasiri sina. Nakunja nguo tu.

Baba yake kaona nimevuta meza ya runinga. Anauliza ya nini yote haya, watu wanakuja kusikiliza neno moja tu. Kasimama hapo mlangoni, anataka kujua nitasema nini. Napanga viti. Mama Vifungo naye kapiga, wazazi wanauliza lini hasa. Nimemwambia Jumamosi, saa nne asubuhi. Waje wote.