Maneno ya Ng'ombe

Mama,

Tumekuzika Jumamosi na bado nimekukasirikia. Nisamehe, lakini nimwambie nani mwingine?

Mama yako alikuja kutoka kwenu Londiani, akapita vizuizi vyote vya askari wa hii Hali ya Hatari. Alinishika mashavu akasema maneno mengi huku akilia, nami nikasimama tu kama gogo. Mimi, mjukuu wake wa kwanza! Ilibidi jirani atutafsirie, kwenye matanga yako.

Nilipochelewa kusema utotoni, yule mwalimu wa shule ya shamba alimwambia Baba kwamba kichwa cha mtoto hakibebi lugha mbili, ati Kikipsigis chako kinagongana na Kikuyu chetu. Baba akapiga marufuku. Nawe ukakubali, Mama! Ukanilea kwa Kikuyu cha kuokotaokota, maneno mawili matatu, kama mtu anayeongea na mgeni. Nilidhani hunipendi. Kumbe walikufunga mdomo.

Ila kwenye zizi la Bwana, mzungu mwenye shamba hapa Dundori, hakuna aliyekukataza. Ng'ombe ndio ulioongea nao. Uliwabembeleza, uliwagombeza, uliwaimbia mpaka wakashusha maziwa. Nami nilikaa kando na ndama, nikiwaonea wivu hao wanyama. Hakuna aliyenifundisha neno hata moja. Maneno yaliingia yenyewe.

Basi jioni ya mazishi mtoto wangu alilia, akakataa kunyonya. Bila kufikiri nikamnong'oneza kwa lugha yako: tulia mama, simama vizuri, shusha kidogo. Nyanya akageuka ghafla. Akacheka, maana hayo huambiwa ng'ombe, kisha akaangua kilio. Ndiyo pekee niliyo nayo, Mama. Wengine hurithi shanga.

Jana mwalimu yuleyule alikuja kutoa pole, akaona Nyanya amempakata mtoto. Ati nisimchanganye, atakuwa bubu. Baba akatikisa kichwa kukubali, kama zamani. Wee! Niliwatoa wote wawili jikoni kwangu, na chai hawakumaliza.

Nyanya amekubali kukaa nasi. Anamwongelesha mtoto kutwa nzima, hata akiwa amelala, nami nimejivutia kigoda kando yao, nasikiliza.

Lala, Mama. Nakuahidi, mtoto huyu ataongea na watu wenu. Siku nami nitakapoweza, nitakuja kaburini nikugombeze kwa lugha yako, uelewe kila neno.

Binti yako.