Kikombe cha Tatu Sikukimimina

Mahlet,

Pilipili nimezitoa vikonyo nusu ya ungo. Zilizobaki zitoe wewe, uzianike uani, na usijishike macho. Baba yako yuko kwenye mfungo, hali nyama wala maziwa, kwa hiyo mchuzi wake usiutie siagi.

Asubuhi nilipoinuka kabla ya kumimina kikombe cha tatu cha kahawa, kile cha baraka, ulinitania mbele ya jirani yetu Zenebech: "Mama, leo baraka unatunyima?" Baba yako naye akadakia, "Mwache, amenuna huyo." Sikununa, mwanangu. Nilipoinua birika juu kumimina cha pili, nilihisi kitu kigumu kwapani, upande ule ule walikonikata titi. Nilipomaliza kumimina, nikalitua birika, nikainuka. Nikaona heri mnidhanie nina kiburi kuliko mnisome usoni mbele ya mgeni.

Huenda ni kovu tu. Mara ya mwisho nilikimbilia hospitali, kumbe jipu. Lakini tangu nimalize matibabu, kila kinachovimba mwilini naona ndiyo saratani imerudi kubisha hodi.

Nimekwenda kupimwa. ~~Usimwambie baba yako.~~ Mwambie, ila ale kwanza. Majibu hawatoi leo, kwa hiyo msiniulize nikirudi.

Unga wa mikate ya injera nimeukoroga, uko kwenye ndoo nyuma ya mlango. Utachachuka hadi kesho. Usiupike peke yako. Nataka nikuone ukiuzungusha kwenye kikaango, mimi nikiwa bado nipo wa kukukosoa.

Mama yako