Swichi Uliyoifunga kwa Mpira

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia marahaba. Lakini hukunifundisha kuanza maneno na mkubwa kwa namna nyingine, na kwa umri huu siwezi tena kujifunza adabu mpya. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigari chako, nyuma ya nyumba, palepale ulipokiegesha. Kuku wako mwekundu bado anataga chini ya turubai. Mama amesema nisimfukuze, basi sijamfukuza.

Kigari kinatembea, Baba. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula.

Naikumbuka siku ulipokileta. Ile kambi ya watalii upande wa Sanje ilikuwa inauza vitu vyake chakavu. Wenzako waligombania magodoro na majenereta, wewe ukarudi na kigari cha umeme, vile vidogo vinavyowabeba wacheza gofu wasichoke kutembea. Kilivutwa kwa kamba nyuma ya trekta, na njia nzima ulikaa kwenye usukani, kofia kichwani, ukiwapungia mkono watu wa Kiberege utadhani unaomba kura. Mlipofika, nilikuwa nimesimama na rafiki zako wa mashine ya kukoboa mpunga. Nikacheka. Nikasema mbele yao wote, "Baba, umenunua sofa." Wakacheka na wao, na kuanzia hapo mtaa mzima ukakiita sofa la mzee. Wewe hukucheka. Ulisema, "Sofa hili litamfikisha mama yako," ukainama kufungua kamba.

Nilijua unachosema. Tangu bajaji ilipopinduka pale Kibaoni na Mama akavunjika nyonga, alikuwa ameapa hatapanda tena kitu kinachokimbia. Bajaji hataki, pikipiki hataki, hata gari la paroko alilikataa kwa heshima zote. Dunia yake ikabaki uani, jikoni, na kile kiti cha mlangoni. Wanakwaya wenzake walimfuata nyumbani mara mbili tatu wakaimba naye, kisha wakachoka. Sisi watoto tulibishana naye. Wewe hukubishana. Ulikwenda tu kumtafutia kitu kisichokimbia.

Lakini sofa liligoma. Baba, wewe uliyekuwa unapita barabarani ukasikia mashine ya mtu na kusema mkanda umelegea, na ukikaguliwa unakutwa umelegea kweli, ulipata mashine isiyosema kitu. Nilikuwa nakuona umetega sikio kwenye kiti, unabonyeza pedeli kwa mkono, unatega tena. Ukasugua vichwa vya betri kwa msasa. Ukaongeza maji. Ukachaji, ukachomoa, ukachaji tena. Mimi ni fundi wa sola, umeme ndiyo kazi yangu, na ulijua. Ila kila nilipokaribia ulishusha kiti ukasema unapumzika. Sikukulaumu. Ningekuwa mimi nimechekwa vile mbele ya watu, na mtoto wangu mwenyewe, ningeshusha kiti vilevile.

Nilikuwa Mlimba, juu ya paa la zahanati, simu ilipopigwa. Presha ilikuwa imekuangusha asubuhi, mswaki ukiwa mkononi.

Tulikuzika shambani, njia ya Kivukoni, kwenye ule mwinuko ambao maji ya masika hayafiki. Hili sijui kama unalijua, na limenikaa rohoni: Mama hakukuzika. Alikataa kupanda gari lililobeba jeneza lako. Vijana wa jumuiya wakataka kumbeba kwenye kiti, akasema siku ya mume wake hataki kuonekana kama gunia. Akabaki mlangoni, amejitanda kanga, anatutazama tukiondoka na wewe. Tangu siku hiyo, kila mtu anayetoka shambani anaulizwa swali moja. Siyo habari za mpunga. Anauliza, "Nyasi zimeota?"

Nilivumilia swali hilo mpaka likanishinda. Ndipo nikaja kulifunua turubai lako.

Nimekibadilisha sana kigari chako, uniwie radhi. Zile betri sita za maji nimezitoa, zilikuwa zimechoka na kila moja ilinivunja mgongo. Nimeweka mbili za lithiamu, nilizozipata kwenye mtambo wa sola uliokuwa unabomolewa, bado nzima. Matairi yale ya kipara, ya kukanyagia nyasi laini za wageni, nimeyatupa, sasa kina matairi yenye meno. Nimeinua springi ili tumbo lisikwaruze matuta. Nyuma, wacheza gofu walipokuwa wanaweka mifuko yao ya fimbo, nimepachika kiti cha pili na kingazi kifupi. Paani kuna sola moja. Ungekizunguka mara tatu bila kusema neno, na mimi ningejua umependa.

Nikafunga waya wa mwisho, nikakaa, nikakanyaga pedeli. Kimya. Siku mbili, Baba, nilikaa pale ulipokuwa unakaa wewe, nimetega sikio vilevile, mpaka Mama akaniambia nimekuwa wewe mtupu. Nilikuwa karibu kuagiza kifaa kipya kutoka Dar. Nikampigia kwanza fundi mmoja wa huko anayevijua vigari hivi. Hakuniuliza habari za betri wala waya. Aliuliza, "Dada, ile swichi ya chini ya kiti umeilaza upande gani?"

Nikapiga magoti nikamulika. Swichi ilikuwa imezungushiwa kipande cha mpira wa tyubu, kimefungwa kwa fundo lako, lile la kufungia magunia. Chini ya mpira kulikuwa na kipande cha boksi, na mwandiko wako wa penseli ya seremala: USIGUSE HAPA. HII NI YA KUKIMBIA. MAMA SKOLA HATAKI.

Upande mmoja wa swichi kumeandikwa TOW. Upande mwingine, RUN. Yule fundi akanifafanulia kwamba TOW ni pale gari linapovutwa kwa kamba, na likiwa hapo halitembei hata uliombee novena. Watu wa kambi waliliweka hapo kwa ajili ya trekta. Na RUN siyo kukimbia. Maana yake ni kufanya kazi tu. Ni kuwaka.

Sofa lako halikuwa bovu, Baba. Lilikuwa linakusubiri siku zote zile, na wewe ulikuwa umelizuia kwa mkono wako mwenyewe, kwa sababu ulimpenda mwanamke asiyetaka kukimbia.

Sasa lazima nikuambie lile lililonifanya niandike barua hii. Jioni moja ulikuja jikoni. Nilikuwa nakaanga samaki, simu imebanwa begani, naongea na mteja. Ulisimama mlangoni mpaka nikakutazama, ukauliza, "Skola, RUN si ndiyo kukimbia?" Nikajibu bila hata kukuuliza umeiona wapi. Nikasema, "Ndiyo, Baba, kukimbia." Ukasema asante, mwanangu. Nikageuza samaki.

Uliniuliza mimi kwa sababu ndimi uliyenisomesha mpaka kidato cha nne. Uliyameza maneno yangu ya sofa, ukaja na swali lako moja, nami nikakujibu kama ninayefukuza nzi. Ningesema tu, twende nikaone. Hatua ishirini kutoka jikoni. Ungempeleka Mama kanisani wewe mwenyewe, na watu wa mashine wangenyamaza. Nimelia juu ya hicho kipande cha boksi kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Nisamehe, Baba. Sikujua nilikuwa naulizwa nini.

Nilipomwonyesha Mama mwandiko wako, alipitisha kidole juu ya herufi zako. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kinakimbia au hakikimbii?" Nikamwambia kikiachiwa kinaweza. Nikachukua ile kabari ya mninga uliyokuwa unazuia nayo mlango wa mashine, nikaipigilia chini ya pedeli, isishuke zaidi ya kidole kimoja. Nikamzungusha uani. Akasema tuzunguke tena. Mara ya tatu akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la kwaya na kanga uliyomletea Pasaka.

Tuliondoka asubuhi. Kila mwenye baiskeli alitupita. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alitupita, akageuka akacheka, akarudi nyuma kutusalimia. Basi nikagundua huo ni mwendo gani. Ni mwendo wa salamu. Mama alimsalimia kila aliyemwona, salamu nzima, ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, ya mguu, na ikiisha bado mtu yuko pembeni yetu. Wengine hawakuwa wamemwona tangu ajali. Karibu na majaruba tulikutana na mzee wa Kisukuma na ng'ombe wake wamejaa barabara. Hawakushtuka, maana hatukuwa na sauti. Mzee akamsalimia Mama, "Mwangaluka, mayu," na Mama, ambaye Kisukuma chake kinaishia hapohapo, akaitikia kwa sauti ya mtu aliyerudi duniani. Nilitamani uione sura yake. Niligeuka mara mbili kutazama kiti cha nyuma, kana kwamba ungekuwepo umevaa kofia yako.

Pale kwenye mwinuko nilikisogeza kigari mpaka ukingoni mwa kaburi. Nikamsaidia kushuka. Nyasi zimeota, Baba, hilo amelijibu mwenyewe kwa macho yake. Alizing'oa mbili tatu karibu na msalaba, akaegemea gongo, akaongea na wewe kana kwamba umechelewa chakula.

"Baba Skola, nimekuja. Halikukimbia."

Nami nilikaa mbali kidogo, nikawaacha.

Sasa nakuaga, maana Mama ananiita na kuku huyu ananitazama vibaya. Kazi ya Mlimba nimewaachia wengine, nitachukua za hapa karibu. Kila Jumapili nitampeleka misa, na tukitoka misa tutapita kwako. Kabari haitatoka chini ya pedeli, hata wakituita konokono. Na mtu akija kuniuliza kitu nikiwa na kazi mkononi, nitaiweka chini kazi, nitakwenda nikaone. Hilo nakuahidi wewe.

Ile swichi nimeifunga tena, Baba. Mpira ni uleule na fundo ni lako, nimeliiga vizuri. Boksi lako nalo nimelirudisha chini yake, sikufuta hata herufi moja. Nimebadilisha upande tu.

Pumzika, Baba. Tutakuja polepole.

Mwanao,
Skola