Nyumba Ibaki Tupu

Jumatatu, 4 Machi

Leo wametuita sote wa mkataba, yaani sisi ambao hospitali ilitudhamini kuja kufanya kazi huku. Chumba cha mikutano, saa ya chakula. Njaa inauma, mhasibu anaongea. Kijana mpole, tai imemkaba, kila sentensi anaianza na samahani.

Habari yenyewe: posho zetu mbili, ya nyumba na ya chakula, ambazo mpaka leo hazijakatwa kodi, zitaanza kukatwa. Isipokuwa kwa mtu mwenye nyumba kwao inayomngoja. Posho ni ya mtu aliye mbali na kwake, akasema, sasa serikali inataka kuona kwamba huko kwake kupo. Isiwe imepangishwa. Asikae mtu mwingine. Uweze kuingia siku yoyote ukavua viatu. Na watapiga simu huko kuhakikisha.

Fundi wa plasta — yule anayefunga mikono na miguu iliyovunjika, jirani yangu wa korido — akaninong'oneza kwamba yeye kwao ana banda la mbuzi, na mbuzi walishauzwa, kwa hiyo ni tupu kabisa. Nilicheka. Kisha nikarudi kwenye eksirei nikampiga mama mmoja picha ya kifua mara mbili, kwa sababu ya kwanza nilisahau kumwambia avue mkufu. Sijafanya kosa hilo tangu chuoni.

Posho ya nyumba ndiyo inayolipa pango. Ikipungua, hatuna budi kuhama hapa, na pa kuhamia ni bweni la wafanyakazi tu. Bweni halipokei waume wala watoto.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwambia Baba Chiriku. Alikuwa anamenya viazi, kasimama, ndivyo apendavyo. "Nyumba si tunayo," akasema, hata hakugeuka.

Tunayo kweli. Vyumba vitatu nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Mshahara wangu, mikono yake. Lakini nani yumo? Wifi yangu, tangu afiwe na mumewe, yeye na wanawe watatu. Na chumba cha mwisho jirani fundi cherehani kaweka mashine yake, maana kwake kunavuja.

Nikamwambia wanaitaka tupu. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Nyumba gani inaachwa tupu na watu wapo? Mchwa wangeila. Majirani wangesema ukoo umegombana. Na dada yake alale wapi, funguo ya kaka yake inaning'inia ukutani? Nami nikacheka, kwani funguo hiyo nilimkabidhi wifi mimi mwenyewe, kwa mikono miwili, na mama mkwe akanibariki. Baadaye tuliacha kucheka, tukala.

Chiriku kalala. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa hanyamazi. Mwaka jana alipoletwa huku, baada ya miaka miwili kwa bibi yake, alininyamazia wiki nzima, kisha akaniita shangazi. Siku hizi ni mama, mama, mama, na kuniamrisha juu. Sitaki kuanza upya. Siwezi!

Alhamisi, 7 Machi

Nilimfuata mhasibu ofisini kwake. Nikauliza kwa niaba ya "mwenzangu mmoja". Je, mle ndani kukiwa na wifi yake?

Akauliza wifi ni mpangaji? Siyo, ni wifi. Analipa? Halipi. Akajikuna kichwa kwa kalamu. Samahani, akasema, hapo ni pagumu zaidi. Mpangaji ana mkataba na mkataba una mwisho. Huyu mtu anaondoka lini?

Wifi haondoki. Aende wapi?

Wanataka namba ya simu ya mtu wa kule atakayethibitisha. Niliandika ya mama mkwe. Ningeandika ya nani? Kiwanja chake, lango lake. Nikiweka ya jirani, kabla jua halijazama mtaa mzima unajua nimemruka mkwe wangu. Fundi wa plasta kaniita mjinga. Yeye kaweka ya binamu yake, ambaye kwa bia mbili ataapa kwamba lile banda lina ghorofa.

Mimi sikuweza. Sasa kazi ni moja tu, Baba Chiriku aongee na mama yake kabla hawajampigia.

Jumapili, 10 Machi

Kaongea. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, nasikia.

Kwanza salamu, hizo peke yake zimekula nusu ya vocha. Mguu wa mama. Kuku. Bati lililopeperuka kwa jirani. Nani kaoa, nani kaachwa. Nikakohoa. Akasema ee mama, kuna mtu wa ofisi ya huku atakupigia, mkalimani atakuwepo, wanaulizia ile nyumba, wewe mkaribishe tu umweleze kwamba nyumba ipo. Kisha wakarudi kwenye kuku.

Nikamuuliza, umemwambia? Nimemwambia. Kuhusu dada? Akaiweka simu kwenye chaji. Nikarudia. Ndipo akasema polepole, "Nitamwambiaje mama yangu amfiche mtoto wake mwenyewe?"

Nilikasirika. Niligonga sufuria bila sababu. Hasira yenyewe ni kwamba ana haki, nami katika nafasi yake nisingesema neno. Ningeweza kumpigia mama mimi mwenyewe. Lakini mkwe ni mkwe. Huwezi kumfundisha kuongopa mtu ambaye ukisimama mbele yake unashusha sauti.

Jumatano, 13 Machi

Hakuna simu. Kazini nyonga mbili na mtoto aliyemeza kifungo. Kifungo kimeonekana vizuri, kitatoka chenyewe. Mama yake alilia kwa furaha, akanishika mikono. Nilimwonea wivu kidogo — shida inayoonekana kwenye picha, ukaambiwa itatoka.

Ijumaa, 15 Machi

Wamepiga. Na mama mkwe kajibu.

Alitupigia mwenyewe, jambo asilolifanya, sauti imejaa raha. Eti yule mama mkalimani ana adabu, kamwamkia vizuri, wamezungumza kama ndugu. Akamuuliza nyumba ya mkwe wako iko katika hali gani? Mama akaniambia, mwanangu, nikaona hapa ndipo pa kukusifu. Wasije wakadhani wamemwajiri mtu asiye na kwao, mtu asiyejali watu.

Basi kamwaga yote. Kwamba mkwe wake si wa kuwaachia popo nyumba. Kwamba kampa wifi yake mjane, na kamwambia usitoke mpaka watoto wakue. Kwamba hata cherehani ya jirani imehifadhiwa. Kwamba hao wawili sasa wametulia huko, wana nyumba yao na mtoto anasoma, wala hatuwategemei kurudi karibuni, Mungu kawafungulia. "Nimekusifu mpaka mate yakanikauka," akasema.

Kila neno ni kweli. Hakuongeza hata moja.

Nilisema asante mama. Ningesema nini kingine? Nikampa Baba Chiriku simu, nikaingia bafuni, nikafungua bomba. Nilicheka kwanza. Halafu nikalia, na Chiriku akagonga mlango akauliza naoga na nguo?

Jumatatu, 18 Machi

Mhasibu kaniita. Safari hii hapakuwa na "mwenzangu mmoja", alijua ni mimi. Kanisomea maneno ya mama mkwe kwa lugha ya huku, yamenyooshwa, hayana hata utamu. "Mhusika amehamishia makazi yake ya kudumu." Mama mkwe alikuwa ananisifu!

Kasema zipo njia mbili. Ya kwanza, nyumba itolewe watu, wapige tena Alhamisi asubuhi, mama athibitishe kwamba iko tupu na inanisubiri. Ya pili, mume na mtoto warudi wakakae mle. Hapo hakuna swali tena, nyumba ni ya kwangu, posho zote mbili zinabaki kamili. Na wifi? Akikaa na mumeo ni mgeni wa mumeo, akasema, wageni hawahesabiwi.

Nikamwambia ngoja nielewe. Nikiwa na watu wangu hapa, wanaohitaji vyumba, posho ya vyumba inakatwa. Nikibaki peke yangu, nisiyehitaji hata kona, napewa yote? Akatazama meza. Samahani, akasema. Nilimhurumia, maana hakuitunga yeye.

Jioni nimemweleza Baba Chiriku. Nilitegemea angefoka, angesema hao watu wana wazimu. Hakufoka. Alishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Akauliza saruji siku hizi inauzwaje kule. Kisha akaosha vyombo, na alikuwa anaimba.

Kule ni fundi mwashi, watu humfuata nyumbani asubuhi na kumsubiri anywe chai. Huku anafagia duka la samani jioni, na balbu ya ngazi zetu iliyoungua haruhusiwi kuigusa, mpaka aje mwenye kibali. Nayajua hayo. Ila sikujua kwamba anayahesabu.

Jumanne, 19 Machi

Nimejikaza. Nimempigia mama mkwe mimi mwenyewe, baada ya kuzunguka na simu mkononi asubuhi nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kapokea wifi.

Hata sikuuliza. Akasema, "Wifi, nimeshahama." Kaka yake kamwambia jana usiku — kumbe alimpigia nilipolala! Wifi kahamia jiko la mama, yeye na wanawe. Vitanda vyangu kaviacha. Kadeki. Fundi cherehani kabeba mashine yake kichwani, hasemi na mtu. Nikamwambia wifi jamani, na huko jikoni mtalalaje? Akasema tutajibanza, ni siku ngapi hizo. Nikamwambia si siku, wifi. Ni muda wote nitakaokuwa huku. Kisha akasema, "Haya. Tutajibanza."

Angenitukana ningepata nafuu.

Nikaomba kuongea na mama. Nikasikia anaambiwa, nikasikia hajibu. Hatimaye akaja. Hakuniita mwanangu. Kasema kama alinikosea kwa kusema, ningemwambia mapema, yeye ni mtu mzima lakini anafundishika. Nikasema hukunikosea mama. Akasema basi nani kakosea? Nikamwambia ni sheria, mama. Akauliza huyo sheria ana mama yake?

Jumatano, 20 Machi

Begi kubwa limeshuka kutoka juu ya kabati. Baba Chiriku anasema anaangalia tu kama zipu inafanya kazi. Inafanya kazi. Limebaki hapo mlangoni, sote tunalikwepa.

Nilimuuliza moja kwa moja, unataka kwenda? Akasema anataka mimi nisisumbuke. Nikamwambia sikuuliza hivyo. Akasema, mke wangu, mimi nimechoka kuwa mgeni. Mimi sijachoka. Napenda chumba changu cha eksirei, napenda daktari anaposema nani kapiga picha hii, safi sana. Sijawahi kumwambia. Mtu anawezaje kumwambia mwenzake kwamba mahali panapomnyima pumzi ndipo yeye anapumua?

Chiriku kauliza begi la nani. Tukasema la baba, kwa pamoja, haraka mno.

Alhamisi, 21 Machi

Asubuhi. Niko zamu ya mchana. Wanampigia mama saa nne ya kule, imebaki kidogo. Yeye katupigia kwanza. Simu iko mezani, sauti imefunguliwa, Chiriku anakula uji, baba yake anavaa viatu.

Kaniita mwanangu tena. Kasema atasema. Amelala akiliwaza, na atalisema: nyumba iko tupu, kaifunga kwa mkono wake, funguo iko kwake, mkwe wake anaweza kuingia hata kesho. Si uongo, akasema, maana sasa ndivyo ilivyo. Watoto wa wifi wanakohoa kwa moshi wa jikoni lakini hilo hataliingiza. Nilimshukuru. Nilimshukuru mno, kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Akasema, lakini kuna jambo. Yule mama wa ofisini ni mtu wa maswali. Nikimwambia nyumba inamngoja mwenyewe, yeye lazima ataniuliza, na huyo mwenyewe anarudi lini? Sitaki kuropoka tena. Nipe wewe mwenyewe la kusema. Unarudi lini?

Baba Chiriku kaacha kiatu kimoja bila kufunga. Hatazami simu, ananitazama mimi. Hana hasira. Anangoja tu, na naona kwamba anangoja kuliko mama.

Nimesema subiri mama, niangalie tarehe. Nimelifungua daftari hili, na sasa naandika ili nionekane natafuta. Chiriku kaegemea bega langu, anatazama kalamu inavyokwenda, bado hajui kusoma mwandiko. Mama kasema simu ya pili inaanza kuita, huenda ndio wao, nimjibu haraka.

Mwezi gani? Hata nikiandika mwezi wowote, hapa mezani kuna mtu mmoja atakayejua kwamba si kweli.

Mama anaita. Upo? Mwanangu, bado upo?