Simu Niliyoipokea Kabla ya Idi

Bugarama, Msalala
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limetulia tangu mvua zilipokatika. Mdogo wangu Halim hajambo? Mimi mwanao ni mzima wa mwili. Bado napanga chumba kilekile cha uani. Mgodi ukilipua mchana vioo vya dirisha vinatetemeka, kisha kimya kinarudi. Jumapili kama leo naweza kukaa tangu asubuhi hadi jioni bila kusema neno, isipokuwa mama mwenye nyumba akipita na ndoo yake akanisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nami nikaitika.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Simu yako unaiweka sauti kubwa, Mama, na barazani hapakosi mtu. Tena nikikusikia sitamaliza ninachotaka kusema.

Wiki moja baada ya Idi nilikuwa nafundisha kidato cha tatu habari za wanawake wa Marekani waliopinga utumwa. Niliwaeleza juu ya ndugu wawili wa kike, Wazungu, waliozaliwa katika nyumba yenye watumwa. Walihama kwao, wakasimama mbele za watu na kueleza waliyoyaona nyumbani kwa wazazi wao wenyewe. Walitukanwa, wakaambiwa mwanamke hahutubii wanaume. Mama yao alionywa na wakuu wa mji kwamba binti yake mdogo asithubutu kurudi. Nikawaeleza pia juu ya wanawake weusi waliokuwa watumwa wenyewe, ambao walipopata uhuru walizunguka wakisimulia kwa vinywa vyao.

Msichana mmoja, Mageni, akanyoosha mkono. Aliuliza hao ndugu wawili, kabla hawajasema, walikaa miaka mingapi wakila chakula kilichopikwa na watumwa. Nilimjibu kwamba sijui, tutaangalia kipindi kijacho. Kengele ilipolia nilibaki nimekaa kwenye kiti cha mwalimu mpaka darasa likawa tupu.

Nilikuwa namfikiria Sikujua, Mama. Ulipomleta kutoka Ushirombo alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mama yake, Rosemary, ulimwahidi kwamba utamsomesha. Leo ana kumi na saba na hajakanyaga darasa, wala miaka yote aliyokaa kwako hakurudi kwao hata siku moja. Ulizoea kuwaambia wageni kwamba yeye ni kama mwanao. Mimi nilikuwepo, na sketi zangu za kazini alikuwa akizifua yeye.

Unakumbuka siku tatu kabla ya Idi, ulipokuwa jikoni, simu yako ililia nikaipokea. Alikuwa Apolinari, mjomba wake Sikujua. Alisema Rosemary amefariki asubuhi ile na wanazika kesho yake, tumpandishe mtoto basi. Nilikuja kukunong'oneza. Ukasema, "Wageni ni wengi, tutamwambia Idi ikipita." Sikukubishia. Tukamtuma dukani akanunue iliki.

Siku ya Idi alipika pilau, nikala. Jirani yetu Mama Davis akamsifia mkono wake, Sikujua akacheka kwa kuona haya. Idi ikapita, nikarudi kazini, na hakuna aliyemwambia.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Juzi Halim alinieleza kwamba umeacha kumsalimia Mama Davis. Kwamba umewaambia kina mama wa mtaa wetu wa Kambarage kwamba ndiye aliyekuchongea kwa ustawi wa jamii, na kwamba kwenye shughuli ya binti wa jirani alikaa peke yake, hakuna aliyemsogelea. Mama Davis hajui lolote. Ni mimi.

Ile Alhamisi uliyokwenda kliniki ya goti nilikuja nyumbani bila kukuambia. Nilimkuta Sikujua akiosha mchele. Nikamwambia mama yake amekufa. Alimwaga maji, akaongeza mengine, akaendelea kuosha. Kisha akauliza, "Alizikwa lini?"

Nikamtajia siku.

"Na wewe dada ulijua?"

"Nilijua."

Hakulia. Alisema, "Nilikuwa namuwekea kanga." Nikamuuliza anataka nini, maana niliogopa kumwamulia na hilo pia. Akasema anataka kwenda kusema mwenyewe, mimi nimwonyeshe tu ofisi ya ustawi ilipo. Tulikwenda kwa miguu. Kule aliongea karibu saa nzima, nami niliposimama kuthibitisha niliulizwa nina uhusiano gani na mwenye nyumba. Nikajibu kwamba ni mama yangu mzazi.

Sasa yuko kwa Apolinari, Ushirombo. Nimempigia Sikujua mara nyingi kwa simu ya mjomba wake, hapokei. Nilituma ujumbe wa kumwomba radhi, ameusoma. Sina haki ya kudai zaidi.

Wewe nakupenda, Mama, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Ulinilea peke yako kwa kushona, na mkono wako sijawahi kuuona mwovu kwangu. Lakini najiuliza: ningekuwa mbali, ukafa wewe, halafu watu wakanificha ili niwapikie pilau. Siwezi kulifikiria hadi mwisho.

Nakuomba umwite Mama Davis umwambie ukweli mbele ya haohao uliowaambia uongo. Ikikuwia vigumu, wasomee barua hii. Nyumbani sitakuja mpaka uniite mwenyewe. Kama hutaniita, nitaendelea kukuombea dua kutoka hukuhuku, na mwisho wa mwezi nitakuja hadi kliniki kukaa nawe kwenye foleni, hata kama hutaongea nami.

Mpe Halim salamu, na mwambie asikukasirikie wala asinitetee. Mungu akupe afya.

Ni mimi mwanao,
Shamimu