Ile Nyekundu na Ile ya Keria

Ijumaa, 1 Novemba 1996. Newala.

Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano hadi vidole vimekufa ganzi. Wanafunzi arobaini wamekosa swali lile lile. Maana yake aliyekosa ni mimi. Jumatatu nitarudia somo.

Bomba limekauka, leo siku ya tatu.

Korosho zimeondoka. Mwaka huu wanunuzi binafsi wamekuja hadi uani na mizani zao, wakinigombea kama wachumba. Sijazoea kubembelezwa. Zamani tulisubiri malipo hadi tukasahau tulichouza.

Basi la mchana limeleta barua ya Fundi Mchopa wa Masasi. Mradi wa wazungu wa visima umefungwa na vifaa vyao vinauzwa. Zipo pikipiki mbili za matairi manne. "Mwalimu, uliniambia nikuarifu." Kweli nilimwambia. Miaka mitatu iliyopita mtaalamu mmoja wa mradi huo alipita na chombo hicho nyuma ya shule, kwenye mchanga ambako baiskeli husukumwa. Amekaa tu, kama yuko sebuleni kwake. Chaki ilinidondoka mkononi. Tangu siku hiyo sijatulia.

Mume wangu, Baba Edna, ameuliza ya nini. Nimemjibu ya kubebea korosho. Uongo mtupu. Hapa hasomi mtu, basi niandike kweli: nataka kwenda. Sina ninakokwenda. Nataka kushika njia na kuifuata, basi. Nina miaka arobaini na minne na sijawahi kutaka kitu namna hii. Hata harusi yangu niliitaka kwa kiasi.

Jumamosi, 2 Novemba. Masasi.

Nimeziona!

Moja nyekundu, moja ya kijani. Nyekundu ni ndogo, nyepesi, kiti cha mtu mmoja, mgongo umebinuka. Hata ikiwa imezimwa inaonekana inataka kuondoka. Ya kijani inafanana na meza ya ofisi. Pana, nzito, keria ya chuma mbele na nyingine nyuma.

Fundi Mchopa alieleza kwa utaratibu, kama daktari. Nyekundu huvuta kwa matairi ya nyuma tu, haina rivasi ya kurudi nyuma. Ya kijani huvuta kwa matairi yote manne, ina rivasi, na ina gia moja nzito ya milimani ambayo yeye anaiita gia ya punda. Zote mbili huongezwa mafuta kwa kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba. Nilibonyeza kidude hicho mara ishirini, injini ikiwa imezimwa. Baba Edna alitazama pembeni kwa aibu.

Msimamizi wa bohari amenipa hadi Jumamosi ya tarehe 16. Nichague mimi kwanza, kwa heshima ya Fundi. Itakayobaki itachukuliwa na wakala wa wanunuzi wa korosho.

Naitaka nyekundu. Sina haja ya kufikiri.

Jumapili, 3 Novemba.

Habari imefika kabla yetu. Baada ya ibada nimepewa mikono na watu ambao mwaka mzima hawajanisalimu. Padri kanipongeza, halafu akataja, kwa bahati tu, jinsi makanisa ya bondeni yalivyo mbali na magoti yake yalivyochakaa. Jirani kauliza kama chombo kinaweza kubeba bati. Mwingine, mgonjwa. Mwingine, mbuzi.

Wote wanazungumzia ya kijani. Sijamwambia mtu habari za keria. Nani kasema? Baba Edna anakula muhogo wake kimya.

Jumanne, 5 Novemba.

Mjomba Bathlomeo kaja kutoka Makote na baiskeli. Nilijua atakuja. Shamba la mikorosho nimelirithi kwa mama yangu, na mama ni dada yake wa tumbo moja. Kwetu shamba hupita kwa wanawake, lakini neno juu ya shamba ni la mjomba. Kilichonunuliwa kwa korosho za shamba hilo naye ana neno juu yake.

Neno lake lilikuwa refu. Magunia ya ndugu wote. Salfa ya kupulizia mikorosho. Misiba. Wagonjwa. Bati za nyumba ya binamu yangu, ambayo haijapata hata msingi. Nilimmiminia chai. Alipomaliza nikamwambia kwamba nafikiria ile ndogo.

"Ile ndogo itambeba nani?"

"Itanibeba mimi, mjomba."

Kanitazama kama mtu aliyesomewa hesabu ngeni. Kisha akasema atasubiri nipate akili. Simchukii. Nampenda sana mjomba wangu. Leo nilitamani tairi la baiskeli yake lipasuke akiwa njiani, na halikupasuka.

Jumamosi, 9 Novemba. Masasi.

Siku ya kujaribu. Naandika kisigino kikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Kosa langu mwenyewe. Baiskeli nilijifunzia misheni nikiwa msichana, na sisi wa mchanga tuna tabia moja: ukiona unayumba, unashusha mguu. Nilipoyumba kidogo nikashusha mguu. Tairi la nyuma likanipanda kisigino. Fundi Mchopa hakucheka. Alisema kila mtu wa uwanda wetu wa juu hufanya hivyo, hata yeye, na akanionyesha kovu lake. Miguu ibaki juu. Chombo hiki hakianguki kama baiskeli. Ukikata kona, egemeza mwili upande wa kona, na miguu ibaki juu.

Nikapanda tena. Nyekundu. Mungu wangu. Nilizunguka mlima wa mawe ulio nyuma ya bohari mara tatu. Upepo mdomoni, kilemba kimeniruka, wala sikusimama kukiokota. Nililia machozi na haikuwa kwa sababu ya kisigino. Nilikuwa na furaha kama mwehu.

Kisha Fundi akasema twende korongoni. Kuna kilima cha mchanga pale, kimesimama kama njia ya kutoka bondeni Ruvuma kupanda kwetu. Nyekundu ilifika katikati. Matairi ya nyuma yakachimba. Yakachimba zaidi. Ikazama hadi tumboni na kuzimika. Tukaivuta kwa mikono. Nikajaribu tena, ikazama tena.

Ya kijani ikapanda. Bila makelele wala haraka, na gia yake ya punda, hadi juu.

Nimekasirika hadi sasa.

Jumatatu, 11 Novemba.

Nimerudia tena hesabu za sehemu, safari hii vizuri. Thelathini na sita wamepata.

Wakati wa mapumziko nimechora matairi manne kwenye karatasi ya mpango wa kazi. Mwalimu Mkuu kaona.

Hivi ndivyo mambo yalivyo. Nyekundu itanizungusha mjini kama mtoto kwenye pembea, na nikishuka bondeni itanibidi nilale huko. Ya kijani itanifikisha kila njia ninayoitaka. Lakini ya kijani ina keria mbili, na kwenye keria hizo nawaona tayari wamepanda: mjomba, padri, bati, mbuzi, ukoo mzima wamekaa wananing'iniza miguu.

Jumamosi, 16 Novemba.

Nimenunua ya kijani. Macho yalikuwa kwa ile nyekundu hadi wakala anaitoa getini.

Basi, wivu uliisha kabla sijafika mlimani. Nimeiendesha mwenyewe kutoka Masasi! Fundi Mchopa nyuma yangu na pikipiki yake, Baba Edna ndani ya basi kwa kuwa alisema yeye na kifo hawajaahidiana. Tambarare niliogopa malori. Barabara ilipoanza kupanda uwanda wa juu nikatia gia ya punda na chombo kikainua pua. Kulia kwangu bonde lote limefunguka, joto linacheza juu ya miti. Niliimba. Kidole gumba kilipata malengelenge. Kuingia Newala watu walitoka madukani. Mama mmoja mtu mzima aliuliza kwa sauti huyo mwanamume ni nani. Nilifurahi mno, nikapiga honi, nikagundua honi haifanyi kazi, nikapiga kelele mwenyewe.

Nimemwambia kila mtu mapema: Jumamosi ni yangu. Siku sita zenu, moja yangu. Wamekubali wote. Upesi kupita kiasi.

Alhamisi, 21 Novemba.

Imebeba: magunia. Padri, mara mbili. Mgonjwa wa Mkunya, kalala juu ya godoro, kapona. Saruji. Mjane na jeneza dogo, siku hiyo sikulalamika. Magunia. Mbuzi, ndiyo, yule yule. Magunia.

Mgonjwa nilimpeleka kwa moyo wote. Jeneza pia. Lakini mimi sijakwenda popote. Nimepeleka tu.

Ijumaa, 22 Novemba.

Mawingu tangu asubuhi, yamekaa upande wa bonde. Fundi aliniambia wazi: mvua ikianza, njia ya bondeni hukatika hadi mwezi wa tano. Kesho ndiyo siku. Nimejaza mafuta.

Saa kumi Mjomba Bathlomeo kaingia uani. Nimemwamkia, kaitikia, kakaa. Magunia yake yako Makote, mnunuzi anaondoka Jumatatu, mvua inakuja. Yasafirishwe kesho.

Nilimkumbusha Jumamosi yangu. Akauliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, nina safari gani.

Nikamwambia. Sijamwambia mtu hata Baba Edna, nikamwambia yeye. Kwamba nataka kuteremka njia ya maji hadi chemchemi, halafu nipande. Basi. Kwamba tangu nikiwa na miaka sita nimeiteremka njia ile, na sijawahi kupanda bila kitu kichwani. Kopo kwanza, kisha sufuria, kisha ndoo. Bomba likikauka, hata sasa, mwalimu mzima na cheti changu cha ualimu ukutani, ndoo. Hakuna mwanamke wa hapa anayeteremka kule bila chombo cha maji. Akionekana, wataulizana ana wazimu au kafiwa. Nataka kupanda mara moja bila mzigo, nione kuna nini kando ya njia. Macho yalikuwa kwenye maji siku zote.

Baba Edna alikuwa mlangoni. Kasikia yote.

Mjomba kavua kofia yake, kaiweka magotini.

"Dada yangu hakuwahi," kasema. "Mama yako. Sijapata kumwona akipanda na mikono inaning'inia."

Kachukua baiskeli yake na kuondoka. Sijui kama nimeruhusiwa au nimelaaniwa. Kama magunia yatalowa, itakuwa ni mimi. Naogopa, na bado nataka kwenda.

Jumamosi, 23 Novemba.

Asubuhi niliwakuta uani. Baba Edna kachuchumaa na spana, mtu ambaye hajui kufungua hata kitasa. Keria ya mbele imeegemezwa ukutani. Anahangaika na ya nyuma. Mjomba kasimama kando yake, kofia mkononi, na ndani ya kofia ameweka bolti zote.

Mjomba aliniambia magunia yamefunikwa kwa turubai, yatangoja hadi kesho. Na kwamba bila keria hakuna atakayeniomba kitu, maana hapana pa kukiweka. Hakutabasamu.

Njia ya maji wale wataalamu waliipanua kwa ajili ya visima vyao, kwa hiyo chombo kilipita, matawi yakigusa magoti. Niliteremka polepole, miguu juu. Mvua haikuja.

Chemchemini walikuwepo wanawake tisa. Mmoja aliniuliza ndoo yangu iko wapi. Nikamwambia leo sina. Walizunguka chombo wakitafuta pa kuweka zao, wakakuta kiti tu na mimi juu yake. Niliona haya. Nikawaahidi nitarudi Jumatatu na keria, na nitarudi. Mama mmoja mwenye mvi, ndoo tayari kichwani, akasema, "Basi panda, mwanangu, tukuone." Wakasogea kunipisha.

Nikapanda. Kando ya njia kuna maua madogo ya njano, mengi. Kuna jiwe refu lenye weupe kama chokaa. Kwenye kona ya tatu mto unaonekana, na ng'ambo yake Msumbiji, kijani hadi mwisho. Kumbe mto unaonekana pale. Nilizima injini, nikatazama hadi wale wanawake wakanifikia na kunipita, na mama mwenye mvi, bila kugeuza kichwa, akaniuliza naona nini. Nikamweleza.

Nyumbani Baba Edna kauliza nimeleta nini. Nimemwambia sijaleta kitu. Tulikula kisamvu. Shingo haiumi.